Sekunde Nane za Kofia

Kidole gumba cha Bi Nusura kiliruka chenyewe kama kimechomwa mwiba, kikatulia, kikaruka tena. Mwenyewe alikuwa akitazama dirishani, hana habari nacho.

"Leo kimeamka na hasira," alisema alipokitupia jicho.

Mwanahawa, mhudumu wa mashine, hakucheka. Alikuwa amesimama tangu asubuhi. Kofia-mapigo ilinguruma juu ya kichwa cha mama yule, ikipeleka umeme kwenye kile kipande cha ubongo kinachoamrisha mkono. Kiharusi kilikata njia. Kofia huufundisha ubongo kuchonga nyingine. Katika zahanati za Tanga Mpya jambo hilo lilikuwa la kawaida kama kupima homa.

Kofia ilipozimika, Mwanahawa alimpa nyuzi tatu zilizofungwa kwenye mkono wa kiti. Ndivyo alivyowapima watu wake: suka, nione. Bi Nusura alikuwa msusi kwa miaka thelathini. Wiki mbili nyuma alisuka shibiri nzima. Leo uzi ulimponyoka mara ya tatu, akauacha.

"Ijumaa saluni wanaweka roboti kwenye nafasi yangu," alisema taratibu. "Na mimi niliwaambia nitarudi."

Mwanahawa akafungua kumbukumbu za mashine. Nguvu ileile. Mapigo mia sita, yaleyale. Ila vituo vya kupumzika havikuwepo. Zamani kofia ilipiga sekunde mbili, ikanyamaza nane. Foleni ikalalama: "Mashine gani inapumzika kuliko mhudumu?" Akawahurumia, akaihurumia na miguu yake, akavifuta vituo. Dakika tatu zikawa sekunde arobaini. Watu wakamwombea dua.

Sasa akausoma ule ukurasa wa mwongozo alioupita juujuu. Mapigo yenye vituo huuamsha ubongo. Hayohayo, yakifululizwa, huulaza.

"Mama," alisema, "ni mimi. Nimekulaza mkono wiki mbili hizi."

Akamweleza yote. Bi Nusura alimtazama sana.

"Mimi mteja nikimsuka mistari mitatu namwambia inua shingo, pumzika. Na niliona kofia hainyamazi. Nikasema huyu kasoma, anajua."

"Sikusoma, mama. Nilichoka."

"Haya. Virudishe. Ijumaa ndiyo nimeshaikosa."

Kesho yake Mwanahawa alisimama mlangoni akawaambia wote waliopigwa bila vituo: mnaanza upya, na foleni itakuwa ndefu. Mmoja alisonya, mwingine akaondoka. Hakuna aliyemwombea dua.

Akarudi ndani, akamvika Bi Nusura kofia. Ikapiga mbili, ikanyamaza.

"Imekufa hiyo?" mtu akapaza sauti nje.

"Inapumzika!" Bi Nusura akajibu. Kisha akamgeukia Mwanahawa aliyesimama kando yake, macho mekundu. "Na wewe vuta kiti, mwanangu. Zimebaki sekunde tano."