Karatasi Kwenye Pembe ya Kioo

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya Alimasi, fundi na mwangalizi wa kamera za mtaa, Jumanne ile ni kubandika upya karatasi kwenye pembe ya kioo cha kompyuta. Ilikuwa karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, na utepe wake ulilegea kila joto lilipopanda katika kile chumba nyuma ya duka la Papa Léopold, mwenyekiti wa kamati ya usalama. Kamera ya nne, iliyofungwa juu ya nguzo katika njia panda ya Mapendo, ilichungulia uani kwa Faida kupita juu ya uzio wa mbao. Faida alikuwa edani. Mumewe, dereva wa lori, aliuawa barabara ya Bunagana, na zilimbakia siku arobaini za kukaa ndani bila kuonekana na wanaume wasio wa kwake. Hakuna aliyemwagiza Alimasi aifunike picha hiyo kwa karatasi. Aliona tu kwamba haifai kutazama.

Adhuhuri Léopold aliingia, akasimama nyuma ya kiti.

"Ingénieur, toa ile karatasi. Jana wezi waliruka uzio wa jirani. Kesho watapita chini ya kalenda yako."

"Papa Léopold, ule mama iko mu eda."

"Risasi haiulizake eda. Mutaa muzima iko nategemea macho yako, na weye unayafunika."

Alimasi hakuwa na nguvu ya kubishana. Tangu mlima ulipolipuka na kutapika moto, miaka miwili sasa, hakuwa amebishana na mtu. Akaibandua karatasi.

Saa tisa mchana mwanamke alitokea nyuma ya nyumba ya Faida, akaanza kufagia. Aliinama, mgongo kwa kamera, ufagio mkono wa kushoto. Kitenge chake kilikuwa cha kijani chenye maua meupe. Yasmini, mke wa Alimasi, alikuwa wa mkono wa kushoto, na alivaa kitenge hicho siku mji ulipokimbilia Sake kwa miguu na moyo wake ukamshinda njiani. Alizikwa hukohuko. Sasa barabara ya Sake ilikuwa ya vita, na Alimasi hakuweza hata kwenda kung'oa majani kaburini.

Kamera zile hazikuwa na sauti. Hata hivyo alisikia ufagio ukikwaruza changarawe nyeusi, na harufu ya kiberiti, ile ya jiwe la mlima linalomwagiwa maji lingali moto, ikajaa chumbani.

Hakumwambia mtu. Kesho yake, saa nane na nusu, alikuwa ameshaketi.

Kila siku mwanamke alifagia akisogea mlangoni kwa Faida, na kila siku Alimasi alimtazama mpaka mwisho. Ijumaa jioni, akirudi nyumbani, aliitwa kwa sauti ya chini kutoka nyuma ya mbao.

"Papa Alimasi. Simama tu pale, usikaribie."

"Niko hapa, mama Faida."

"Iko mutu anafagia mu lupango yangu, hapa uani. Niko nasikia ufagio, nikifungua, sione mutu. Alama tu ndiyo zinabakia mu mchanga."

"Tangu siku gani?"

"Tangu mardi. Leo ilifika ku mulango. Na hata ndani, nikilala, naona kama mutu ananiangalia. Wakwe wanasema nitoke, niende kwabo. Lakini nikitoka, eda imevunjika. Bwana yangu, sikuona hata maiti yake. Ni hii tu nilibakia nayo ya kumufanyia."

Alimasi alisema pole, akaenda zake. Jumanne ndiyo siku aliyobandua karatasi. Alijua hivyo kabla Faida hajaitaja.

Asubuhi alimkuta Muzee Ridhwani, mwalimu wa madrasa, akimenya viazi mlangoni pake.

"Mutu wa courant, wa umeme, anatafuta mutu wa Kurani," mzee alisema. "Mambo imeharibika."

Alimasi alimweleza yote. Mzee akaweka kisu chini.

"Na nani iko anaiangalia?"

Alimasi akaokota ganda la kiazi, akaligeuzageuza.

"Jini ya vile haina mulango yake. Inapita pale jicho la mutu lilipita bila ruhusa. Nitasoma, nitamwaga maji. Lakini kama unaendelea kuiangalia, nitakuwa nalowesha mchanga bure."

"Muzee, ni Yasmini."

"Yasmini ulimuweka mu kaburi na mikono yako."

"Nikigeuza kamera, sitamuona tena."

"Ndiyo," mzee alisema. "Hautamuona."

Saa tisa Alimasi aliketi, akijiambia ni kuaga tu, na mwanamke alikuwa tayari kizingitini, mkono wa kulia juu ya mlango wa Faida, na ufagio ulikuwa bado unakwaruza ijapokuwa mkono wa kushoto ulitulia, tena haukukwaruza uani bali nyuma ya kiti chake, karibu na visigino vyake, na harufu ya kiberiti ilipanda kutoka sakafuni, na mwanamke akageuza shingo polepole kuelekea kamera, na uso ulikuwa wa Yasmini kwa kila kitu, kovu la kidevuni, meno yaliyoachana, na macho yalikuwa wazi, yakimtazama bila kupepesa.

Alimasi akakumbuka mkono wake mwenyewe, kando ya barabara ya Sake, na vumbi lililokuwa kwenye kope zile.

"Macho ya bibi yangu," alisema polepole, "niliyafunga miye."

Akaiokota karatasi ya kalenda sakafuni, akaibandika. Chini yake kitu kiliendelea kufagia hadi jua lilipozama, na Alimasi hakuiinua.

Asubuhi alipanda nguzo na spana. Muzee Ridhwani alisoma kando ya uzio, akinyunyiza maji. Léopold alisimama chini, mikono kiunoni.

"Na wezi, Ingénieur?"

"Itaona barabara yote. Wezi iko na miguu, watapita barabarani."

Aliigeuza kamera mpaka ikazipa mbao kisogo, akakaza nati.

"Papa Alimasi," Faida alisema kutoka ndani. "Kumenyamaza."

Aliteremka, akaenda nyumbani. Uwanja wake ulikuwa umefagiwa, kutoka barabarani hadi kizingitini, kwa michirizi ya mtu wa mkono wa kushoto. Kisha akachukua ufagio kwa mkono wa kulia, akaanzia mlangoni, akafagia kuelekea nje.