Yule Mtoto Hakusema Hivyo

"Sadiki, sha, yule mtoto hakusema hivyo."

Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kwenda kombo, na lilikuwa dogo kiasi kwamba Sadiki Kamanzi alilicheka. Aliyelisema ni Pudentienne, mama wa mdomo mrefu aliyekaa mlangoni mwa chumba cha video kukata tiketi na kufukuza watoto wasio na kitu.

"Hakusema vipi?"

"Vile ulivyosema wewe. Hakusema hivyo."

"Kijapani umesomea wapi, mama? Kabuga sokoni?"

Mabenchi yote yakacheka. Pudentienne hakucheka. Alimtazama tu, kama mtu anavyomtazama mlevi aliyejikojolea na hajajua bado.

Sadiki alikuwa na licence, digrii ya lugha kutoka chuo kikuu cha Butare, imetiwa muhuri, imewekwa kwenye plastiki, na mwezi ule wa tatu wa mwaka 1992 ilikuwa imelala chini ya godoro kwa mwaka wa pili. Kila ofisi ya Kiyovu, mtaa wa wakubwa, aliyoingia ilimuuliza maswali yaleyale matatu: wewe wa mkoa gani, kitambulisho kinasemaje, nani kakutuma. Lugha nne kichwani hakuna aliyeziulizia. Bon. Basi akaishia Biryogo kwa Léonidas, kwenye chumba cha video nyuma ya mafundi cherehani, madirisha yamegongomelewa magunia ya kahawa hadi saa nane mchana ikawa usiku mle ndani. Filamu inapita, yeye anasimama pembeni ya televisheni na kipaza sauti, anawatafsiria watu. Kifaransa alikijua. Kiingereza alikijua nusu. Kihindi alikitunga, na watu walilia kweli.

Ramadhani ilipoingia, Léonidas akaogopa mashehe. "Karate hapana, wanawake uchi hapana," alisema. "Nimepata hii. Mjapani mmoja wa mambo ya mpunga alikuwa anarudi kwao kwa sababu ya vita, boyi wake ameniuzia. Iko katuni. Iko pole sana, hata padri anaweza kuangalia."

Kaseti haikuwa na maandishi ya chini. Televisheni ilikataa rangi zake, ikaigeuza yote kijani cha maji ya bwawa. Kwa kutazama picha Sadiki alikisia hadithi. Binti mdogo anapelekwa kwenye nyumba ya bibi yake kando ya ziwa. Ndani ya makabati ya nyumba ile wanaishi vizimu vidogo vipole, vyeupe, vimeumuka kama maandazi yasiyokaangwa, na kila kimoja kimekumbatia kumbukumbu ya ukoo: kimoja harufu ya supu, kingine mlio wa viatu vya babu, kingine kicheko cha shangazi aliyekwisha kufa. Binti anafungua kabati, moja baada ya jingine. Ndiyo yote. Hakuna ngumi, hakuna risasi.

Nani wa kumsahihisha? Kijapani, Biryogo nzima! Akashika kipaza sauti kama mfalme. Ila watu hutaka jina, hawawezi kumpenda binti asiye na jina, na mdomo wake ukafunguka kabla ya kichwa.

"Huyu," alisema, "anaitwa Mahoro."

Mahoro lilikuwa jina la mdogo wake. Alikufa Oktoba 1990, ana miaka minane.

Angeweza kulibadilisha hapohapo. Hakulibadilisha. Watu walikuwa wameshacheka, na mtu mwenye licence chini ya godoro hukishika kicheko chochote anachopewa.

*

Siku ya pili hawakucheka tena.

Chumba kilijaa kuliko jana. Wanawake waliacha kuchambua mchele wa futari wakaja, wakakaa wamebanana, mitandio mdomoni. Sadiki akamfanya binti aombe maandazi, akamfanya bibi kizee atukane kwa Kinyarwanda cha Gitarama, vitu ambavyo siku zote huangusha watu kwa kicheko kwenye mabenchi. Watu wakamtazama binti tu. Binti wa kijani akasema maneno marefu kwa Kijapani chake, polepole. Sadiki akatafsiri: "Anasema, jamani nyumba hii ina panya!" Mwanamke mmoja wa mbele akaanza kulia.

Halafu harufu. Kwanza alidhani ni jikoni kwa jirani. Majani ya mikaratusi yaliyochemshwa, yale ya kumfukizia mgonjwa chini ya blanketi, na juu yake harufu ya blanketi lenyewe likiwa limelowa jasho la mtoto. Ilitoka nyuma ya televisheni, mahali penye waya na vumbi tu.

"Mnasikia harufu?" aliuliza.

"Sisi tunasikia vyote," alijibu Pudentienne kutoka mlangoni. "Wewe ndiye sijui unasikia nini."

Siku ya tatu akagundua kikohozi. Kati ya neno na neno la Kijapani kulikuwa na kikohozi kidogo, kikavu, mara mbili mbili, na Sadiki alikijua kikohozi kile kwa sababu alikisikiliza ukutani siku nne mfululizo mwaka 1990, wiki ile mji ulipolia risasi na asubuhi yake wanajeshi wakaanza kukusanya watu, hasa wenye miwani, hasa wenye kalamu mfukoni. Mama yao, Nyiraneza, ambaye mtaa mzima mpaka leo humwita Mama Mahoro, alimshika bega akamwambia: Sadi, kimbia, leta dawa ya malaria, mtoto anaungua. Alikimbia. Alifika kwenye kona, akaona kizuizi cha wanajeshi, na ng'ambo ya kizuizi akaona duka la dawa, mlango wazi, mhudumu wa koti jeupe amekaa kwenye ngazi anajipepea na karatasi. Miwani ilikuwa usoni kwake. Akageuka. Akaingia kwa rafiki yake Valens, akakaa hadi jioni anasikiliza redio, wakampa maharage, akala. Nyumbani alisema: "Mama, wamefunga. Kote wamefunga."

Kuogopa si dhambi, alijiambia tangu siku ile. Nani asingeogopa? Lakini maharage. Aliongezewa mara mbili, na alikubali.

Mahoro alikuwa macho aliporudi. Aliuliza tu, "Kaka, umeleta?" Kabla ya alfajiri akawa hayupo.

*

Maalim Rajabu alikuwa mtu wa kuombea watu, mzee mfupi mwenye kanzu iliyotiwa viraka vizuri. Sadiki alimfuata baada ya swala ya adhuhuri, akamnong'oneza kuwa kaseti ya Léonidas imeingiwa na jini.

"Jini, Ramadhani?" Maalim alicheka bila meno. "Kijana, mwezi huu yamefungwa minyororo. Hukufundishwa madrasa, au Butare walikufutia?"

"Maalim, tafadhali. Njoo uone."

Alikuja, na kitabu chake na kichupa cha maji ya zamzam. Alikaa benchi la nyuma akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Filamu ikapita. Ilipofika mahali binti anaposimama mbele ya kabati la mwisho, sehemu ambayo Sadiki angeapa kwamba siku ya kwanza haikuwepo, kwa maana siku ya kwanza makabati yalikuwa sita na hili lilikuwa la saba, lina mlango wa ubao wa kijani kama mlango wa kwao, lina kitasa kilichofungwa kamba kama cha kwao, binti aligeuka akautazama ukumbi na akasema, akasema kwa muda mrefu, mikono imenyooshwa viganja juu kama mtu anayengoja kuwekewa kitu, na Maalim akaacha kusoma. Alifunga kitabu. Akasikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa, kama mtu aliyepelekewa mashtaka.

Nje, kwenye jua, alivaa viatu vyake bila kumwangalia Sadiki.

"Mtoe, Maalim. Chochote unachotaka, mtoe."

"Mimi natoa majini. Yule si jini." Akaufunga ugwe wa kiatu. "Siwezi kumtoa mtu kwao. Nenda kwa mama yako, Sadiki. Nenda wewe kabla hajaja yeye."

"Kwani anasema nini?"

Maalim alimtazama sasa, na katika macho yake kulikuwa na kitu kibaya kuliko hasira: alishangaa.

*

Hakwenda. Alizunguka mtaa hadi adhana ya magharibi, akafuturu kwa watu, akarudi wakati mama yake amelala. Asubuhi alitoka kabla mama hajaamka. Kumwambia mwanamke kwamba mwanawe alikufa kwa sababu ya sahani ya maharage, maneno yake ni yapi? Lugha nne, na hakuna hata moja iliyokuwa nayo.

Mchana ule alimkuta mama ameshakaa benchi la kwanza.

Nyiraneza alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu. Mapajani ameweka bakuli la uji, limefunikwa sahani, na wanawake walikuwa wamemwachia nafasi pande zote mbili, kama watu wanavyomwachia mfiwa.

"Mama, umekuja kufanya nini huku? Hizi ni katuni."

"Wameniambia mwanangu yuko hapa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Endelea na kazi yako. Tafsiri."

Léonidas akawasha. Jenereta ikakohoa, kijani kikajaa ukutani. Na Sadiki akaona njia, na njia ile ikaonekana kwake nzuri, hata ya huruma: kama mama amekuja kumsikia Mahoro basi atamsikia, atampa Mahoro wa kumtuliza, nani atadhurika, na binti alipofungua kabati la kwanza akasema kwenye kipaza sauti, "Anasema: mama, mahali nilipo hakuna homa," na kabati la pili, "Anasema: mama, usilie, ilikuwa siku yangu," na la tatu, na la nne, sauti yake ikazidi kuwa tamu, akalia mwenyewe kwa utamu wake, harufu ya mikaratusi ikawa nzito hadi ikamwasha macho, kikohozi kikawa hakitoki tena kwenye televisheni bali karibu na goti lake, mara mbili, mara mbili, na yeye anaendelea, la tano, la sita, mpaka mlango wa ubao wa kijani ukafunguka wenyewe na binti akasimama pale, viganja juu, akasema yale maneno yake marefu, na Sadiki akafasiri: "Anasema: mama, nawe umshukuru kaka. Alikimbia sana siku ile. Alitafuta kila mahali. Kote walikuwa wamefunga."

Kanda ikaisha. Skrini ikabaki na chenga.

Hakuna aliyeinuka.

"Umemaliza?" aliuliza Nyiraneza.

"Nimemaliza, Mama."

"Miaka minne Butare," alisema mama yake. "Nilijinyima nyama wewe usome, ili uje unitafsirie mwanangu niliyemzaa mwenyewe." Akalishika bakuli vizuri lisimwagike. "Sadi, yule mtoto anasema Kinyarwanda. Toka mwanzo. Kinyarwanda cha nyumbani kwetu, na kile Kiswahili chake cha kukosea. Chumba kizima kinamsikia. Wewe peke yako ndiye unayetafsiri."

Sadiki alimtazama Pudentienne. Pudentienne akainamia tiketi zake.

"Amesema mlango wa dawa ulikuwa wazi. Amesema mtu wa koti jeupe alikuwa anajipepea. Amesema alikufuata kwa macho hadi kwa Valens, akakuona unakula." Hapo sauti ya mama ikayumba kwa mara ya kwanza. "Hajakasirika, mwanangu. Kila siku anakuuliza swali moja na kila siku unawaambia watu mambo ya panya. Anauliza kama ulishiba."

Alipiga magoti mbele ya kitenge cha sikukuu, kipaza sauti kikaviringika chini ya benchi, na yale maneno ambayo hayakuwa katika lugha yoyote yakatoka yote pamoja: kona, miwani, maharage, aliongezewa, alikubali, alidanganya, mwaka na nusu anadanganya. "Nisamehe. Mbabarira, Mama. Nisamehe."

Nyiraneza aliweka bakuli chini. Akamshika uso kwa mikono miwili, akafungua mdomo, akamjibu.

Alijibu kwa muda mrefu. Midomo yake ilikwenda taratibu, macho yamejaa, na Sadiki alisikia kila sauti. Alisikia silabi fupi fupi zinazopanda na kushuka, laini, za mbali, zilezile alizozitungia uongo siku zote hizo. Hakuelewa hata neno moja.

"Mama? Sema tena. Kinyarwanda, Mama. Mama, Kiswahili!"

Mama yake alirudia, akikaza macho, akimtikisa kidogo. Lugha ileile. Alimsamehe? Alimlaani? Uso wa mama anayelia ni mmoja kwa yote mawili.

Akageuka mlangoni. "Pudentienne! Amesema nini? Niambie amesema nini!"

Pudentienne alijifuta machozi kwa kiganja, akamjibu kwa upole wote aliokuwa nao, na wanawake wengine wakadakia, mmoja baada ya mwingine, na Léonidas naye, chumba kizima kikimwambia, kikimweleza, kikimbembeleza, kwa Kijapani.

Nyuma yake, kwenye chenga za televisheni, kitu kikakohoa mara mbili. Kisha sauti ndogo ikasema, kwa Kinyarwanda cha nyumbani kwao, safi, kila neno wazi:

"Kaka Sadi. Nikutafsirie?"