Taa Chini ya Sakafu

Bomba la jikoni lilianza kumng'ata Bu Ngatinah siku ya Jumatatu, magharibi inaingia, alipokuwa akiosha maharage ya soya. Hakupiga kelele. Aliurudisha mkono, akautazama, kisha akaligusa tena kwa kidole kimoja, nalo likambana taratibu, kama mtoto asiye na meno anavyobana ziwa. Na aibu yenyewe ni hii: hakulichukia. Mwanamke aliyefiwa na mume miaka sita sasa, mwenye mwana mmoja tu aliyeko mbali, kisiwani Batam, anaweza kupitisha juma zima bila kuguswa na chochote.

Kulikuwa na mengine. Kila magharibi sakafu ya karibu na sinki ilivuma kwa sauti nyembamba, na harufu ya mafuta ya kuchulia watoto wachanga ikapanda, imechanganyika na vumbi lililoungua. Nyumba ile haikuwa imelea mtoto mchanga tangu mwanawe Pras, na Pras sasa ana kipara.

"Mwanangu Laras simleti huko, Mama," Pras alisema kwenye simu. "Kabla hajazaliwa birika la umeme lilimtupa mke wangu mpaka mlangoni, umesahau? Jiko la baba lile ni mtego. Litengeneze kwanza, Idi tutakuja."

"Ana miaka minne na sijawahi kumpakata."

"Ndiyo maana nakuambia tengeneza."

"Kondo lake la nyuma mlilizika wapi?"

Pras alicheka. "Mama na mambo yako! Tunaishi ghorofa ya tisa, tulizike kwenye kopo la maua? Tuliwaachia hospitali."

Ngatinah alikata simu. Kwao Klaten, kisiwani Java, kondo si taka, ni mdogo wake mtoto. Baba hulisafisha kwa mikono yake, hulizika karibu na mlango, hulifunika kwa chungu na kuliwashia taa siku thelathini na tano, asije mdogo mtu akaogopa giza. Mtoto asiye na mdogo wake atalindwa na nani?

Lakini alimtaka mjukuu wake kuliko alivyotaka kubishana. Akamwita Mas Tohir, fundi umeme wa mtaa wa pili, mtu mnene mwenye maneno mengi.

Tohir aliingia asubuhi, akaitazama soketi pekee ya jikoni, akavua kofia kana kwamba yuko msibani.

"Bu, mama yangu, hii soketi imebeba ukoo mzima! Friji, sufuria ya wali, birika, pampu ya kisima. Marehemu alikuwa na ugomvi na wewe?"

"Koma, Mas. Alikuwa mwalimu wa jiografia."

"Inaonekana."

Akachora jiko jipya sakafuni kwa chaki, na Ngatinah akamfuata hatua kwa hatua na chai yake mkononi, akifurahia sauti ya mtu ndani ya nyumba. Friji itakaa hapa na waya wake peke yake. Birika na sufuria ya wali pale, soketi mbili, tena mbali na sinki, maana maji na umeme havikai chumba kimoja bila mwenye kuviamua. Waya wa ethi, wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, uzikwe mpaka kwenye udongo wenye unyevu. Na mlangoni kifungwe kile kikata umeme kinachojizima chenyewe umeme ukianza kuvuja, hata kabla mtu hajasema aah.

"Mjukuu wako atacheza hapa salama kama yuko msikitini," alisema, akaenda kuzima swichi kuu.

Aliporudi hakuwa anacheka.

"Bu, kuna kitu umekiacha kinawaka?"

"Umezima mwenyewe."

"Nimezima. Na kitaa cha mita bado kinakonyeza." Akagusisha testa yake ya kupimia umeme kwenye bomba, ikawaka nyekundu. "Kuna kitu kinakunywa umeme chini yetu. Mtu amechomeka waya kabla ya swichi kuu."

Waliufuata. Ulikuwa waya mwembamba mweupe, wa kufungia kengele za mlango, umeshuka nyuma ya ukuta na kuzama sakafuni, karibu na sinki. Tohir aliukata kule kwenye mita, akavuta ncha yake mpaka mkononi, akahakikisha umekufa. Halafu akavunja vigae. Kazi ikachukua muda, sakafu ilikuwa nene, na alipofikia udongo mwanga wa dirishani ulikwisha kuwa wa rangi ya machungwa.

Chini kulikuwa na chungu kilichofunikwa kifudifudi.

Ngatinah alikijua kabla hakijapanguswa udongo. Alikaa chini palepale, kwenye vumbi. Kabla ya Pras alizaa mtoto wa kike, akaishi siku tisa. Wakati huo pale palikuwa nje, kando ya mlango wa uani, na taa ya mdogo wake, lile kondo, ilikuwa inawaka. Baada ya mazishi mumewe alinyoosha mkono kuizima, naye Ngatinah akamkamata mkono na kumwambia, usiizime, ukiizima nitakufa. Hawakulizungumza tena. Mwaka uliofuata jiko likapanuliwa, na yeye akadhani mambo yale yamekwisha. Kumbe mwalimu wa watu alitii miaka thelathini na nane, mpaka kufa kwake, akajenga sakafu juu ya utii wake, asimwambie mtu.

"Ni cha moto," Tohir alinong'ona. Akakiinua.

Taa ilikuwa inawaka.

Ilikuwa taa ya kizamani, ya nyuzi, ya rangi ya njano, na waya wake uliokatwa ulikuwa umelala miguuni pa fundi, na ile taa ikafifia na kukolea, ikafifia na kukolea, kama kitu kinachovuta pumzi, na harufu ya mafuta ya watoto ikajaa jikoni mpaka ikawa haivutiki, na ule mvumo ukapanda kutoka udongoni ukapita kwenye bomba na masufuria na meno ya wote wawili, na Tohir, ambaye maneno hayakuwahi kumwishia tangu azaliwe, akaanza kutafuta aya midomoni mwake asiipate.

"Bu," alisema, "tutoke. Tutoke sasa hivi."

Ngatinah hakutoka. Alikuwa anaogopa, lakini alikuwa ameelewa jambo moja: hakuna aliyewahi kukiambia kile kitu. Walikiwekea taa kingoje, nacho kilingoja.

"Dada yako hayupo," aliunong'oneza udongo. "Alikufa siku ya tisa. Nisamehe. Nilipaswa kukuambia. Huna wa kumlinda tena, nenda kapumzike."

Taa ikazimika. Harufu ikakatika. Tohir akalia kama mtoto na hakuona haya.

Akalimaliza jiko kwa siku kumi na mbili, na lilikuwa jiko la kupigiwa picha. Bomba halikung'ata. Magharibi zikaja kimya, na Ngatinah, Mungu amsamehe, alikuta ameanza kuimba peke yake ili pawe na sauti.

Siku ya pili ya Idi gari la kukodi likasimama mlangoni, na Laras akashuka akiwa na viatu vya kung'aa. Ngatinah alimpakata mpaka mikono ikafa ganzi. Alimlisha, alimwosha, alimsuka nywele, akahisi amelipwa miaka yote.

Magharibi ilipoingia, kikata umeme kikashuka, tak. Giza. Pras akakipandisha. Tak.

"Fundi wako kakuibia, Mama," Pras alisema.

Laras alikuwa amelala kifudifudi jikoni, shavu juu ya vigae vipya, karibu na sinki. Alikuwa ananuka mafuta ya kuchulia watoto, na hakuna aliyempaka.

"Bibi," alisema kwa furaha, "mdogo wangu anasema kuna giza."

"Huna mdogo, we chizi," Pras alicheka.

"Ninaye. Anasema alikuwa hana mtu, na mimi nilikuwa sina mtu."

Ngatinah alimnyakua pale sakafuni. Alikumbuka ghorofa ya tisa, na mtoto asiyezikiwa mdogo, na maneno aliyoyasema yeye mwenyewe kwa mdomo wake: huna wa kumlinda tena.

"Mwondoe, Pras. Nenda kwa wakwe zako, hapo Solo. Sasa hivi."

"Mama! Tumefika leo asubuhi! Umeniomba miaka minne!"

"Nimesema mwondoe!" Hakuwahi kumfokea tangu akiwa mdogo. Laras akaanza kulia, akanyoosha mikono, si kwa bibi yake, kwa sakafu.

Gari lilipopotea, Ngatinah alichukua taa ya mezani, akaiwasha, akaiweka juu ya vigae, akakaa kando yake. "Baki na mimi," alisema. "Nami sina mtu."

Isha ilikwisha adhiniwa simu ilipolia.

"Tumefika salama," Pras alisema, bado ana hasira. "Ila umeme wa huku umekatika mara tu tulipoingia. Nyumba yetu tu, majirani wanao. Na Laras haogopi kabisa, yuko chini kwenye vigae gizani, anacheka na sijui nani."

Simu ikamponyoka. Alikimbilia sinki, akalikamata bomba kwa mikono yote miwili, akalibana, akaomba limng'ate. Lilikuwa baridi tu, na maji yakadondoka.