Injinia na Beji za Mama

Kila Jumamosi asubuhi Injinia alitakiwa kufagia vipande vya nyuzi chini ya mashine ya mama yake ya kudarizi. Alifagia kwa ncha ya ufagio, pua juu, kama mtu aliyeajiriwa kimakosa. Jina la Injinia alipewa na baba yake kwa utani, lakini binti huyo aliliamini kupita kiasi.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Katika chumba chao cha mbele palikuwa na meza ya kukatia, mashine ya kudarizi, na kompyuta ya mtumba iliyotumiwa na familia nzima. Mama alitengenezea humo nembo za sare, baba aliandikia barua, mdogo wake Injinia alichezea michezo. Injinia aliwadharau wote. Mama alitafuta herufi kwa kidole kimoja kama anayechambua mchele. Baba alibofya kila kitu mara mbili, hata kisichohitaji.

Shuleni alikuwa mwanachama wa klabu ya kompyuta. Huko walibishania mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazoongoza kompyuta, kama watu wanavyobishania timu za mpira. Wanaklabu walipenda mfumo huria, ambao hupatikana bure na mtumiaji anaweza kuuchokonoa apendavyo. Walijiita madereva. Waliotumia mfumo wa kawaida, uliozoeleka maofisini na majumbani, waliitwa abiria. Injinia aliona aibu kwamba nyumba yao ilikuwa basi zima la abiria.

Ijumaa moja, mama alipokwenda kununua nyuzi, Injinia alihamishia mafaili yote kwenye flashi, akafuta mfumo wa kawaida na kuweka ule huria. Mdogo wake alipomuuliza kama mama anajua, alimcheka.

“Nimuulize nini? Ni sawa na kumuuliza kuku rangi ya gari.”

Kesho yake, Injinia alipomaliza kufagia, mama aliketi mbele ya kompyuta. Alikuwa na kazi ya beji za shule ya jirani. Alikitazama kioo, kisha akauliza kile kialama chake chenye ua, alichozoea kubofya ili kufungua programu yake, kimekwenda wapi. Injinia akamweleza kwa kirefu jinsi mfumo mpya ulivyo mwepesi na ulivyo bora. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

“Sawa, mwanangu. Sasa nifungulie programu ya kudarizi.”

Injinia alijaribu. Haikufunguka, kwa kuwa ilitengenezwa kwa mfumo wa kawaida tu. Akatafuta programu nyingine, lakini ndege aliyekuwa kwenye nembo akatokea kama kiatu kilichokanyagwa. Mdogo wake akaangua kicheko.

“Programu yenyewe ni ya kizamani,” Injinia alisema kwa hasira. “Ni ya watu wa kizamani.”

Mama aliweka mkasi mezani taratibu.

“Beji zinachukuliwa Jumatatu. Nisipozitoa, mwalimu mkuu atavuka barabara kwa fundi mwingine, na hatarudi tena. Hiyo ndiyo kazi inayokusomesha.”

Mtu mmoja tu mtaani alikuwa na diski ya programu ile: Fundi Waya, mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta. Wiki chache nyuma, Injinia alikuwa amemwita abiria mbele ya wateja, akisema anachojua ni kuzima na kuwasha tu. Akaifunga kompyuta kwa shuka, akaibeba hadi kibandani.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Leo dereva anasukuma gari?” Fundi Waya hakuinua macho. “Mimi lakini nazima na kuwasha tu.”

Injinia alifikiria kusema kwamba umeme umeiharibu. Kisha akaamua kusema kweli.

“Nilifuta mfumo bila kumuuliza mama. Sasa hawezi kufanya kazi yake. Na siku ile nilikukosea, naomba unisamehe.”

Fundi Waya akageuza kompyuta yake ili binti aone kioo. Ilikuwa inatumia mfumo huria, ule ule wa madereva. Injinia alitamani ardhi impasukie.

“Mfumo wako hauna kosa,” alisema fundi. “Ulimchagulia nani?”

Fundi akamwonyesha jinsi ya kuigawa diski ya ndani ya kompyuta sehemu mbili, mfumo wa kawaida upande mmoja na mfumo huria upande wa pili, ili kila anayeiwasha achague wake, kisha akairudisha programu ya kudarizi.

Alasiri mashine ya kudarizi ilikuwa ikinguruma tena, na ndege alikuwa ndege. Mama alimwita binti yake akae karibu.

“Mteja akiingia hapa, nafanya nini kabla ya kukata kitambaa?”

“Unampima.”

“Hata kama hajui lolote kuhusu mishono?”

Injinia aliinamisha kichwa. “Hata kama hajui.”

“Wewe ulikata bila kupima, kwa sababu ulituona hatufai kuulizwa. Ujuzi wako najivunia, mwanangu. Dharau ndiyo iliyokufanya ukosee. Ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza kazi yake, umsikilize.”

Jioni baba aliketi kuandika barua. Injinia akavuta kiti kando yake.

“Baba, ukiitumia kompyuta hii, ni kitu gani kinakusumbua?”

Baba alimtazama kwa mshangao, kisha akaanza kueleza, huku akibofya kila kitu mara mbili. Injinia alimsikiliza mpaka mwisho.