Maziwa ya Qali

Mji huu ni mdogo. Ukipiga chafya karibu na msikiti, mtu wa upande wa kisimani atakuombea afya kabla hujajipangusa pua. Una barabara moja ya vumbi, ile ya kwenda Sangailu, una maduka machache, zahanati moja na mbuzi wasiohesabika. Na una Qali, muuza maziwa ya ngamia.

Kila asubuhi maziwa yalifika kwa bodaboda kutoka malishoni, kwa kaka yake. Qali alikuwa tayari ameshafukiza vyombo. Alitia makaa ya moto ndani ya dhiil, chombo cha maziwa cha Wasomali, akakitikisa mpaka kikajaa moshi, kisha akamwaga makaa. Maziwa yakishika harufu hiyo, wateja hawabanduki. Kuchemsha? Thubutu! Mama yake alimwambia maziwa ya ngamia yakichemshwa yamekufa, naye akamwambia mji mzima.

Kikombe cha kwanza hakikuuzwa. Kilikuwa cha Ifrah, binti yake wa pekee, aliyekuwa na mimba ya miezi minne. Mwaka uliopita mimba yake ya kwanza ilitoka, na Qali alilia mpaka sauti ikakauka. Safari hii aliapa mjukuu wake atazaliwa.

"Kunywa, hooyo," alimwambia kila asubuhi. Kwao mama humwita mwanawe kwa jina hilohilo la mama. Alisimama palepale mpaka kikombe kikaisha.

Kisha homa ikamshika Ifrah. Ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Alitoka jasho, na viungo na mgongo vikamuuma. Qali akasema ni malaria, akanunua dawa dukani. Siku tatu zilikuwa nzuri, kisha homa ikarudi. Basi akamwongezea kikombe cha pili cha maziwa. Maskini Qali, hakujua anachokifanya.

Habari zilimfikia jirani yao Sahro, mhudumu wa afya wa kijiji. Sahro ni mpole, lakini akishika jambo haliachii, kama kupe. Aliuliza kuhusu homa, akauliza kuhusu maziwa, halafu akasema waende zahanati siku hiyohiyo. Ifrah alipimwa damu. Haikuwa malaria. Muuguzi alieleza kuwa ni brusela, ugonjwa unaotoka kwa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, na watu wengi huupata kwa kunywa maziwa mabichi. Akasema pia kwamba unaweza kuharibu mimba.

Qali alikaa chini sakafuni.

"Mimi nafukiza vyombo," alisema. "Moshi unaua uchafu wote. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yangu pia."

"Moshi unasaidia chombo, eeddo," Sahro alimjibu, akimwita shangazi kwa heshima. "Lakini vijidudu hivi vinatoka kwa mnyama pamoja na maziwa. Moshi hauviui. Chemsha mpaka maziwa yapande."

Qali alitazama tumbo la Ifrah.

"Basi ile mimba ya kwanza," aliuliza, "ni mimi niliyeitoa?"

Sahro alikaa naye pale chini. "Wakati ule hakuna aliyepima. Hatujui. Lakini hii tunaijua, na bado ipo."

Ifrah alipewa dawa zinazomfaa mjamzito. Aliambiwa azimeze kila siku kwa wiki zote sita, hata homa ikiisha. Sahro alipita kila jioni kuhakikisha. Tena alimwagiza Qali amtumie kaka yake salamu: anayezalisha mnyama avae glavu, na ngamia akiharibu mimba, ofisa wa mifugo aitwe.

Qali akaanza kuchemsha maziwa yote, hata ya kuuza. Lo, mji ulicheka! Mzee Abdille, mwenye duka la jirani, alisema Qali sasa anauza chai isiyo na majani. Siku mbili maziwa yalibaki. Kwa kweli hata yeye aliyaona yamepooza, maana aliyatia kwenye dhiil kwanza, kisha akayachemsha, na harufu ya moshi ikapotea.

Siku ya tatu aligeuza kazi. Alichemsha kwanza, akafunika yapoe. Aliosha dhiil kwa maji ya moto, akaifukiza, ndipo akamimina maziwa. Akampelekea mzee Abdille kikombe bila kusema neno.

Mzee alikunywa, akajilamba midomo. "Haya sasa ndiyo maziwa," alisema. "Sio yale uliyoyachemsha jana."

Qali alimwacha amalize, ndipo akamwambia. Mzee alitazama kikombe kitupu, akacheka mpaka kofia ikamwanguka, akaomba kingine. Kabla ya adhuhuri hapakuwa na asiyejua, na dhiil ya Qali ilikuwa tupu.

Miezi ikapita. Ifrah alijifungua zahanati, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kali. Qali alifika na chupa ya maziwa. Alimtazama mtoto, akasema alhamdulillah, akalia bila kujificha. Kisha akamimina kikombe.

Ifrah alikinusa. Moshi ulikuwepo.

"Umeyachemsha, hooyo?"

"Mpaka yakapanda. Kunywa, hooyo."

Akasimama palepale mpaka kikombe kikaisha.