Chuo Huria si Soko Huria

Odeta alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Aliishi Buzuruga, mjini Mwanza, na baba yake, Mzee Mihayo, na binti yake mdogo, Winnie. Mzee Mihayo aliuza nguo za mitumba karibu na stendi, na maneno alikuwa nayo mengi kuliko nguo.

Jioni moja walikuwa wanakula ugali kwa sato. Odeta alisema, "Baba, nimekubaliwa kusoma sheria. Vyuo viwili vimenichukua."

Mzee Mihayo alicheka kwa furaha. "Viwili! Vipi hivyo?"

"Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria. Nikienda Dar, nitaacha kazi, na Winnie nitamwacha hapa. Huria nitasomea hapa hapa Mwanza. Mimi naitaka Huria."

Furaha ya mzee ikaisha. "Huria? Kama soko huria? Hapana, mwanangu. Mitumba naijua mimi. Hiyo ni digrii ya mtumba."

Tusimcheke. Miaka hiyo ya tisini neno huria lilisikika kila siku, sokoni na redioni. Angejuaje kwamba lina maana nyingine? Lakini Odeta aliumia. Hakutaka kumwacha mtoto, wala hakutaka kumkaidi baba yake.

Kesho yake alimwita jirani yao, Mwalimu Teodora, aliyekuwa akisoma sheria katika chuo hicho hicho cha Huria.

"Shikamoo mzee," alisema Teodora.

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Hebu niambie, digrii yako unainunua wapi?"

Teodora alicheka. "Hainunuliwi, mzee. Huria maana yake chuo hakikufungi mahali pamoja. Wanakupa masomo, unasomea nyumbani. Siku ya mtihani unakaa mbele ya msimamizi kama wanafunzi wengine. Ukishindwa, umeshindwa."

"Na serikali inaitambua?"

"Inaitambua. Uliza hivyo kwanza kwa chuo chochote." Kisha akamgeukia Odeta. "Nawe jiulize. Dar kuna walimu karibu, kuna maktaba, kuna wenzako wa kusoma nao. Hapa hakuna wa kukusukuma, na unaweza kuchukua miaka mingi zaidi. Je, nyumbani utapata nafasi ya kusoma?"

Odeta alisema ukweli. "Kusoma naweza. Nafasi sina. Nikitoka kazini kuna kupika, kuna Winnie, kuna wageni wa baba."

"Kama ni hivyo, mdogo wangu, nenda Dar tu."

Odeta aliinamisha kichwa, machozi yakamlengalenga. Mzee Mihayo alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa amesinzia mapajani mwa mama yake.

"Subirini kwanza," alisema. "Hao wageni ni wangu. Na jiko si la Odeta peke yake. Niachieni mimi."

Odeta akajiunga na Huria. Kila jioni alifunga mlango wa chumba chake akasoma. Mzee Mihayo alijifunza kusonga ugali uzeeni, na mwanzoni Winnie aliukataa waziwazi. Ulipofika mtihani wa kwanza, Odeta alifaulu masomo yote.

Siku moja jirani mwingine, Mama Bernadeta, alipiga hodi.

"Odeta yupo?"

"Hayupo," alijibu Mzee Mihayo, mwiko mkononi. "Yuko chuoni."

"Kumbe alikwenda Dar?"

"Yuko hapo chumbani. Rudi baadaye, akitoka chuo."