Kunja Kikwembe, Timothée

—Beni, Beni, hapa Butembo, Bulengera. À vous!

Mashine ikakoroma tu. Kasika, mwenye phonie, ile redio ya kuitana na miji mingine, akaipiga bateri kofi, akaita tena. Jokébed alisimama nyuma yake, mikono kichwani.

Jana, kwenye mashine hiyohiyo, mpenzi wake Timothée, mwalimu wa Mulekera kule Beni, alimwambia:

—Kesho asubuhi natoka na miguu. Papa yako amesema siku ya Mungu ya juma hili ikipita bila mbuzi ya kuposa, unaolewa kwa Ananie wa Kirumba.

—Timo, barabara imejaa bantu ya bunduki! Batatu hawakufika juma hili!

—Basi nifanye namna gani?

Jokébed akakumbuka mambo ambayo mwalimu alimsimulia kabla ya vita kukata barabara: namna ya kufikia nyota za mbali. Wengine wanasema watu walale ndani ya chombo miaka mia. Wengine wanasema wazae na kufia njiani, wajukuu ndio wafike. Halafu Timothée akashika ncha mbili za kikwembe alichojifunga Jokébed, akazikutanisha.

—Ao mbingu ikunjwe hivi. Huku na kule kunakutana, hakuna wa kutembea.

Ndiyo maana asubuhi hii Jokébed alikimbia kwa Sophie, shangazi wa Timothée, palepale Bulengera, amtolee Timothée mbuzi. Sasa mbuzi mweusi wa Sophie alifungwa mlangoni pa phonie, Sophie mwenyewe kando yake, na Maliro, baba wa Jokébed, alikaa kwenye benchi, uso umekunjamana.

—Butembo, hapa Ésaïe, phonie ya Beni. À vous.

—Mwalimu Timothée iko wapi? À vous! Kasika akauliza.

—Amepita hapa na sac mugongoni. Anaenda barabarani. À vous.

Jokébed akainamia mikro ya Kasika.

—Mumukimbilie! Mumuambie mbingu imekunjwa!

—Huyu binti kichwa kimeharibika, mama mmoja akacheka kwenye benchi.

Jokébed hakugeuka. Alihesabu kona za barabara moja moja moyoni, na kila kona alimwona Timothée ameanguka.

Halafu sauti ikaja, inahema.

—Jokébed? Wameniambia mbingu imekunjwa, nikarudi. À vous.

Maliro akanyakua mikro, akabana bouton.

—Kijana, shangazi yako iko hapa na mbuzi. Lakini mi nataka kusikia kinywa yako mwenyewe. Unatafuta nini kwangu?

Akangoja. Kidole chake hakikutoka kwenye bouton.

—Munaona? Haina kinywa!

—Papa, achilia bouton! Weye njo unamuziba!

Benchi zima likapasuka kwa kicheko. Maliro akaachilia.

—...Jokébed, muzee. Mara ya tatu sasa, naomba Jokébed. À vous.

Mzee akamtazama mbuzi, akamtazama binti yake.

—Mbuzi kufika mbele ya mukwe, sijaona tangu nizaliwe. Ananie atafute kwingine. Barabara ikifunguka, uje kukamata bibi yako. Terminé.

—Hapana terminé!

Jokébed alishika mikro kwa mikono miwili.

—Timo, tua ile sac. Niambie umeitua. À vous.

Mashine ikakoroma. Ikakoroma. Aliyejibu ni Ésaïe.

—Ameitua. Ameikalia, analia kama mutoto. À vous.